Mwalimu Aliyeniuliza Mpaka

Nilipokuwa nikitangaza kipindi cha roki katika redio ndogo ya Homa Bay, mwalimu mmoja wa Ndhiwa alinipigia simu kila Jumamosi alasiri. Siku moja aliomba wimbo wa zamani, akauita heavy metal.

"Hiyo ni hard rock, mwalimu," nilimjibu hewani. "Kwani hujui tofauti?"

"Gitaa ni nzito, ngoma ni nzito," akasema kwa upole. "Sasa mpaka uko wapi, ndugu yangu? Nifundise."

Bendi za kwanza za roki nzito watu waliziita hivi na vile, na mimi mwenyewe nilizigawa kwa kubahatisha. Badala ya kukiri, niliishika ile "nifundise" yake, ile "sh" iliyogeuka "s" kwa lafudhi ya kwetu. Niliirudia mara tatu nikiiga sauti yake, ingawa mama yangu huongea vivyo hivyo, kisha nikamkatia simu huku nikicheka. Wasikilizaji walinitumia jumbe za pongezi.

Hakupiga tena. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kununua mahindi soko la Ndhiwa. Wanafunzi wenye sare walimpita mwanamume mmoja, wakapaza sauti, "Nifundise!" Hakugeuka.

"Huyo ni mwalimu," mama muuza mahindi akaniambia. "Redio ilimwaibisha, na sasa hata darasani hawamwachi. Ameomba uhamisho."

Nilitaka kumfuata nimwombe msamaha, lakini niliogopa kwamba nikifungua mdomo tu, soko zima litaitambua sauti yangu. Nilimwitikia yule mama kwa kichwa, nikabeba mahindi yangu nikaondoka.