Bugali Niliousonga Bellevue

Kila nikisikia harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, wakikaangwa, narudi kwenye jiko letu la Bellevue, Johannesburg, tulilotumia pamoja na familia nyingine tatu. Nyanya, mama yake baba, alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Bukavu, Kongo. Nilielewa Kiswahili chake chote, lakini kila nikijibu, kilichotoka mdomoni ni Kiingereza.

“Huyu mtoto mmeshampoteza,” alimwambia mama.

Kesho yake mama alichelewa kurudi kutoka saluni alikofanya kazi. Nikachemsha maji, nikamimina unga, nikaanza kusonga bugali. Mvuke uliniunguza vidole na mabega yakawaka moto. Nyanya alisimama mlangoni akiniangalia. Nilipopakua, alimega tonge, akalibonyeza akitafuta madonge ya unga mbichi. Hakupata hata moja. Akachovya kwenye sombe ya jana, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akala, akamega tena.

“Nani alikufundisha?”

“Naangaliaka tu mama,” nikajibu. Hapo ndipo aliposikia Kiswahili changu kwa mara ya kwanza.

Nyanya alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akampigia simu shangazi yangu kule Bukavu. “Mjukuu wangu ananisongea bugali huku Johannesburg,” alimwambia. “Anayebisha, aje aonje.”