Msiba Uliofichwa kwa Popo

Chumba cha Popo kilinukia ubani na mchele unaoiva. Kilikuwa ghorofa ya chini ya jengo letu hapa Guangzhou, karibu na Barabara ya Zhanqian, ambako mama yangu alinunua nguo za jumla na kuzisafirisha Singida. Alipokwenda sokoni aliniacha kwa bibi huyo wa Kijapani, aliyekuwa ameshavuka miaka mia moja. Ndoa ilimleta China akiwa msichana, vita vikamtenga na kwao, akazaa watoto watano. Nilipokuwa na miaka tisa alikuwa amebakiwa na mmoja tu, mzee wa meno ya bandia aliyekuja kila Jumapili kumkata kucha. Majirani walimwita Popo, yaani bibi, nasi tukafuata. Mama alitaka nimwamkie shikamoo kama vile tuko nyumbani. Popo hakulielewa neno, lakini aliinamisha kichwa taratibu, nami niliridhika.

Mlango wake haukufungwa. Watu walimletea vichanga awashike mikono, maana hapa wengi huamini kwamba mtu wa umri ule anaweza kuwagawia wenzake miaka. "Popo, tumegee na sisi," muuza tambi alimtania. "Beba gunia zima, mgongo wangu umechoka!" Popo alimjibu. Wote waliangua kicheko. Yeye hakucheka.

Kiangazi kile mwanawe akafia hospitalini. Mjukuu wake Lan, binti wa marehemu, alipanda kutuambia, macho yamevimba, akashuka haraka. Hapa nieleze jambo ambalo mama hakulijua: familia nyingi za huku humficha mzee habari ya kifo, zikihofia moyo wake hautahimili. Si ukatili, ni namna yao ya kupenda. Lakini kwa mtu wa Singida, ukishaambiwa msiba unakwenda kukaa na wafiwa. Mama alijifunga kanga, akapika uji, akachukua mkeka. Tulishuka. Aliutandika miguuni pa Popo, akaketi.

Lan alitoka jikoni. "Dada, inuka! Hajui!" alinong'ona.

Popo alikuwa ameshausoma uso wa mama. Aliteremka kitini, akapiga magoti mkekani. "Ni mwanangu?"

Kichina cha mama kilikuwa cha kupatana bei tu. Alimshika mikono yote miwili. Popo akalia kwa Kijapani, lugha ambayo katika jengo zima hapakuwa na aliyeijua.

"Umemuua bibi yangu," Lan alimwambia mama.

"Nyamaza, Lan," Popo alisema. "Wale wanne niliwalilia. Huyu ulitaka nimngoje kila Jumapili?"

Lan akaketi, akalaza kichwa mapajani mwa bibi yake. Majirani wakaingia mmoja mmoja, na siku hiyo hakuna aliyeomba miaka. Popo alifariki kabla ya mwaka kuisha. Lan hakumlaumu mama tena, wala hakumshukuru.

Sasa nimerudi Guangzhou kusoma. Mwezi uliopita kaka yangu alifariki Singida, nami nikaambiwa baada ya maziko. "Ulikuwa na mitihani, mwanangu. Tuliogopa kukuvuruga," mama alisema kwenye simu. Sikuweza kumlaumu. Nyuma ya sauti yake nilisikia ua umejaa watu, sufuria zikigongana, mtu akimhimiza anywe chai. Nilipokata simu nilitoka chumbani hadi kwenye korido. Milango ya ghorofa ninayoishi sasa imepangana mpaka mwisho, yote ya kufunguliwa kwa namba za siri, nami nikasimama pale nisijue nigonge upi.