Likizo ya Mtoto wa Dada

Rupinder alipomwasili mtoto, wafanyakazi wenzake wa nyumba ile ya wazee kule Edmonton, London, walichanga wakamnunulia keki. Mvulana mwenyewe hakuwa na udugu naye hata wa kuokoteza. Halmashauri ndiyo iliyomkabidhi. Rupinder akapewa likizo ya karibu mwaka mzima, na muda mwingi akalipwa kwa fedha za serikali, ili azoeane na mtoto. Adelina, mmoja wa wafanyakazi hao, alikula keki ile akaisifu nchi yenye utu kiasi hicho. Alikosea jambo moja tu. Alidhani siku yake ikifika, naye atatendewa vivyo hivyo.

Siku yenyewe ilifika mwezi wa pili, Gaudensia, mdogo wake wa tumbo moja, alipofariki kwa saratani. Aliacha binti mmoja wa miaka mitano, Koku. Baba mtu aliingia mitini tangu mimba ikiwa changa, hivyo mahakama ikampa Adelina ulezi. Maiti ikasafirishwa Bukoba kwa michango ya Watanzania wa London. Adelina hakwenda kumzika mdogo wake, maana mtoto hakuwa na wa kubaki naye, na likizo yake ya mwaka ilikuwa imeishia hospitalini akimuuguza mama mtu.

Bibi yake Koku alipiga simu kutoka Bukoba.

"Mtoto asiambiwe," alisema. "Mwambie mama yake amesafiri. Ndivyo tulivyowafanyia ninyi baba yenu alipofariki."

Adelina alikumbuka vizuri walivyofanyiwa. Alikuwa na miaka saba, na alimsubiri baba yake mpaka akachoka mwenyewe. Hata hivyo mama akishasema, nani atambishia? Akamwambia Koku kwamba mama amekwenda Bukoba, akajiapiza moyoni kwamba likizo ikitoka tu atamweleza ukweli, taratibu, wakiwa wawili nyumbani, na siku tele za kumbembeleza baadaye.

Meneja wake, Dhiren, kijana wa Stanmore ambaye wazazi wake walitoka Mwanza, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Dada Adelina, pole sana. Hii adoption leave, likizo ya wanaoasili, haikuhusu. Wewe ni guardian, mlezi tu, halafu mtoto ni wa ndugu yako. Nimewauliza HR mara mbili."

"Rupinder alipewa."

"Rupinder alichukua mtoto wa watu baki."

"Kwa hiyo ningemchukua nisiyemjua, ungenipa?"

Dhiren aliinamisha kichwa. "Ningesaini leo."

Adelina alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Huyu aliyembeba mgongoni tangu ana siku tatu, aliyemwita mwanangu hata mama yake akiwa hai, ndiye asiyestahili kukaliwa nyumbani! Dhiren alionea haya sheria ambayo hakuitunga yeye. Akampa wiki moja bila malipo, na zaidi ya hapo hakuwa na uwezo.

Wiki ikaishia kwenye foleni: kumhamisha Koku shule kutoka Hayes alikoishi na mama yake, kumwandikisha kwa daktari, kutafuta sare. Ukweli haukusemwa. Habari ya namna ile humpi mtoto Ijumaa, halafu Jumatatu ukamwacha kwa jirani.

Jirani ni Gladness, Mchaga wa ghorofa ya chini yake, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Adelina alimshushia Koku kila alfajiri, yeye akampeleka shule. Koku, kama watoto wengi waliozaliwa London, Kiswahili alikisikia chote, ila akisemeshwa hujibu Kiingereza. Watu wazima wakajisahau. Wakazoea kusema mbele yake lolote, almradi ni kwa Kiswahili.

Asubuhi moja Gladness alikuwa anapaka mkate siagi, simu ameibana begani. "Ninaye hapa, maskini," alimwambia shoga yake. "Mama yake ameshazikwa huko Bukoba, yeye kaambiwa kasafiri. Anamngoja." Koku alikuwa mezani, uji mbele yake.

Hayo Adelina aliyajua baadaye. Alichokiona wakati ule ni kwamba mtoto ameacha kuuliza mama atarudi lini. Anakula, analala, hasumbui. "Ameanza kuzoea," alimwambia Rupinder, na akamshukuru Mungu. Inauma kusema, lakini alimshukuru kwa dhati.

Kisha Jumanne moja, mlangoni kwa Gladness, Koku akakataa kuachia koti la Adelina.

"Naenda kazini, mama. Jioni narudi."

"Mama mkubwa," Koku alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili. "Wewe ukifa, watasema umesafiri?"

Gladness akaziba mdomo kwa kiganja. Adelina hakuhitaji kuuliza mtoto ameyapata wapi.

Alimpigia Dhiren kuomba ruhusa ya siku ile. Dhiren akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba radhi: wafanyakazi wawili walikuwa wamepiga sick, wanaumwa, wazee hawajatolewa vitandani, afike tafadhali, hata kwa kuchelewa kidogo. Basi lilikuwa linakaribia kona. Adelina akapiga magoti kwenye zulia la watu, koti mwilini, begi begani, akayasema yote kwa mara moja. Mama amekufa. Hatarudi. Amelala Bukoba karibu na babu. Maneno aliyokusudia kuyagawa kwa miezi yakaisha kabla pumzi haijamwisha.

"Leo utarudi?" Koku aliuliza.

"Nitarudi."

Mtoto akamtazama usoni, na ilionekana wazi kwamba hakuamini. Angeaminije? Gladness akamng'oa vidole kwenye koti kimoja kimoja. Adelina akashuka. Kilio alikisikia kwenye ngazi, akakisikia na barabarani, mpaka mlango wa basi ulipofungwa.