Mwanafunzi Aliyeirudia Video Yangu Kila Siku

Mie ni mtu wa kuhoji. Tangu nianze shahada ya uzamili ya teknolojia ya ufundishaji, hakuna mwenzangu aliyewasilisha kazi yake nisimwulize, "Umejuaje?" Swali hilo nilisahau kujiuliza mwenyewe.

Nilitengeneza video ya kuwafundisha watu wazima wa Mbagala kusoma maelekezo ya dawa. Wengi waliifungua mara moja wakaiacha. Mama Zuhura peke yake aliifungua kila siku, wiki tatu mfululizo. Nikaandika kwenye pendekezo langu la utafiti kwamba sauti yenye utulivu humvuta mtu mzima kujifunza. Msimamizi wangu akasema, "Kabla sijasaini, twende nikamwone huyo mama."

Tukamkuta uani, amembeba mjukuu anayelia.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mwambie Dokta unavyoipenda ile video."

"Marahaba, mwalimu wangu. Naipenda mno! Bila hiyo nisingepika."

"Umejifunza nini humo?" msimamizi akauliza.

"Mie? Sijawahi kufika mwisho. Ngojeni muone."

Akamlaza mtoto mkekani, akaweka simu kando yake. Sauti yangu ikaanza: "Ndugu wanafunzi, karibuni katika somo letu." Mtoto akanyamaza. Kabla sijamaliza kutaja malengo ya somo, alikuwa ameshalala.

"Umeona?" Mama Zuhura akaninong'oneza. "Siku nyingine hunichukua na mie."

Nikamgeukia msimamizi. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka au anapiga miayo.