Moshi wa Misonobari

Mke wangu aliporudi kutoka Kanada, nilinusa koti lake hata kabla sijamkumbatia vizuri. Lilinuka moshi mzito, uliong'ang'ania mpaka kwenye bitana.

Anasomea misitu ya kaskazini ya mbali, ile ya misonobari na jamaa zake, katika chuo kikuu upande wa Edgbaston, mtaa wa jiji hili la Waingereza tunamoishi. Mimi naendesha basi. Kiangazi kile alikwenda kupima miti, akaniambia watalala kwenye mahema. Lakini siku moja alinipigia kwa video, nikaona ukuta mweupe nyuma yake na kusikia sauti ya mwanamume ikimwita. Akakata upesi. "Mtandao mbovu," aliandika baadaye.

Mwenzangu wa kazini, Mkongo, nilipomsimulia tukinywa chai, aliniambia, "Ndugu yangu, fungua macho."

Nikayafungua. Nilizikagua upya picha alizonitumia. Katika moja msitu ulikuwa kijani kibichi. Katika nyingine, aliyosema ni ya mahali pale pale, vigogo vilikuwa vyeusi kama nguzo za simu.

Basi nikaliweka koti mezani. "Moshi huu wa wapi?"

"Tuliwasha moto kambini."

"Kambi yenye kuta?"

Akakaa. Akanieleza kwamba msitu uliwaka, wakahamishwa hadi kwenye ukumbi wa shule, wakalala sakafuni pamoja na wanakijiji. Yule mwanamume alikuwa askari wa zimamoto, akihakikisha kila mtu yupo.

"Ningekuambia, ungenilazimisha nirudi."

Ni kweli, ningemlazimisha. Lakini sikuridhika. "Na wewe si ulisema misitu ile imekaa hivyo tangu zamani? Kama huungua, imebakije?"

Akatoa mkobani koni ngumu, lile tunda la msonobari lenye mbegu ndani, iliyofungwa kwa utomvu. "Msonobari huu hupenda mchanga mkavu. Kule kwenye majimaji, ambako ardhi ya chini imeganda barafu mwaka mzima, huuoni. Utakuta miti mingine, myembamba. Na koni hii haifunguki mpaka ipate joto kali. Moto ndio unaoupanda msitu upya."

Nilidhani ananizuga. Nikawasha oveni, nikaiweka koni ndani, tukasubiri. Baada ya muda ikaanza kutoa mlio wa kupasuka, magamba yakaachana, na nilipoitoa mbegu zenye mabawa zikamwagika.

Akacheka mpaka machozi. Nami nilimwamini. Kisha nikajiuliza ni mara ngapi, katika miaka yetu yote, ameniambia "niko salama" na hakuwa salama. Nikamuuliza.

Aliinama kuokota mbegu sakafuni, moja moja, akaanza kuzihesabu.