Siku Tuliyokimbia Mbele ya Maji

Nyumbani kwangu Buhongwa nina kiuwanja kidogo cha saruji mbele ya mlango. Jua likikipiga kutwa nzima, kisha mvua ikadondosha matone yake ya kwanza, inapanda harufu ambayo sijui niiite nini: vumbi, joto na maji, vyote kwa pamoja. Majirani hukimbilia kuanua nguo. Mimi husimama tu mlangoni nikivuta pumzi, na nguo zangu zinaloa. Wanangu wameshazoea. "Mama kaenda mferejini," huambiana, kisha wanazianua wenyewe.

Basi niwapeleke na ninyi huko mferejini.

Nimekulia kijijini, mbele ya Kisesa, mahali ambapo ziwa limejipenyeza nchi kavu kama kiwiko. Ukingoni mwa maji palikuwa na nyumba ya matofali mekundu yenye dohani ndefu, na ndani yake mashine ya mvuke iliyoletwa enzi za mkoloni ili ivute maji ya ziwa na kuyamwaga kwenye mfereji wa saruji. Mfereji ule ulitambaa mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu, ukazunguka nyuma ya jabali kubwa, ukaishia kwenye majaruba yetu ya mpunga.

Nilipozaliwa mashine ilikuwa imeshapumzishwa. Kazi yake ilifanywa na pampu ya umeme, kitu kidogo cha bluu kilichokaa kwenye kibanda cha pembeni na kunguruma kutwa bila adabu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja, wazee wakawafukuza. Ikaamuliwa mashine itunzwe ili watoto wa shule waje kuiona, na mtunzaji akawa baba yangu. Babu ndiye aliyekuwa akiiendesha zamani, na baba, akiwa kijana, alimchochelea moto. Kila Jumamosi baba aliisugua shaba yake kwa majivu na limau mpaka ukijitazama unajiona meno. Wageni walipokuja kutoka Mwanza mjini, aliwaacha wasukume lile gurudumu kubwa kwa mikono, na kila mara alitokea mmoja wa kuuliza, "Bado inafanya kazi?"

"Inafanya," baba alijibu. "Ila haijaombwa."

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, iliombwa.

Mvua zilichelewa, na wiki hiyohiyo pampu ya umeme ikaungua. Tukaambiwa kifaa chake kitatoka Dar es Salaam baada ya wiki mbili, labda tatu. Vitaluni, miche ya mpunga ilikuwa imeanza kuwa ya njano nchani. Wali wa kijiji kizima kwa mwaka mzima ulikuwa umesimama pale, kimo cha kidole, ukiomba maji. Mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji akaja kwetu na wenzake watatu, wakakaa kwenye viti vyetu vyote, nasi watoto tukakaa chini.

"Fundi," mwenyekiti alisema, "ile ya mzee haiwezi kuamka?"

Mama aliyekuwa akipepeta mchele aliacha kupepeta.

"Nipeni siku tatu," baba alisema.

Siku zote tatu alishinda ndani ya boila na tochi na kinyundo, akigongagonga chuma na kusikiliza: ngo, ngo, ngo. Mama alimpelekea ugali na kurudi amebana midomo. Mimi nilikuwa na furaha isiyo kifani. Shuleni niliwatangazia wote kwamba baba yangu ataamsha mashine, na kwa kuwa mwezi uliotangulia niliwatangazia kwamba nimeona kiboko akicheka, hakuna aliyeniamini.

Jumamosi asubuhi moto ukawashwa. Nilikuwa sijawahi kuisikia nyumba ile ikiwa hai. Kwanza kuni zilialika, kisha ndani ya tumbo la chuma kukaanza mkoromo, kisha mabomba yakapiga miluzi midogomidogo. Palinukia grisi ya moto na magogo mabichi. Wanaume walioleta kuni walijaa mlangoni, lakini baba akawagawa: nyie nendeni geti la kwanza, nyie geti la pili, nyie la mwisho. Mageti yalikuwa matatu tu na yangefunguliwa na mtoto, lakini wakaenda, wanaume kumi na zaidi. Mama akaambiwa aende Kisesa akanunue chumvi. Alisema chumvi ipo. Akavuta kigoda, akakaa kizingitini na ungo wa karanga za kumenya.

Ndipo baba akaniita. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, macho tu ndiyo yalimeremeta.

"Kabula, watu wamejaa kwenye mfereji huko. Kimbia mbele ya maji uwaambie watoke."

"Ndiyo, baba."

"Na Limbu umchukue."

Limbu alikuwa mdogo wangu, ana miaka minne, mzito kama gunia la viazi. Nikalalamika kwamba atanichelewesha.

"Mchukue," alisema baba, na sauti yake haikuwa ya kujadiliana. "Wa hapa karibu nitawaambia mwenyewe. Wewe pita mpaka juu ya jabali, unipungie kanga. Nikikuona umenipungia, ukashuka upande wa pili, ndipo nitafungulia mvuke. Sio kabla. Na usirudi mpaka maji yafike mwisho. Umesikia?"

Nilisikia, na kifua kilinijaa. Kijiji kizima, mwenyekiti na wenzake, wote walikuwa wakisubiri mimi nipunge kanga! Nikamfunga Limbu mgongoni, nikakimbia.

Pale juu ya jabali nilipunga kwa mikono yote miwili kama mtu anayefukuza nyuki. Chini kule, mdogo kama kidole, baba akainua mkono. Nikateremka upande wa pili. Sijafika chini, nikasikia honi ya mashine, sauti nene, ndefu, iliyopita juu ya vichwa vyetu ikaenda mpaka majarubani. Limbu akalia. Mimi nikapiga kelele za furaha.

Mfereji ukikauka, watu huhamia ndani yake. Wa kwanza alikuwa Mama Ngolo, aliyegundua kwamba saruji yenye joto hukausha dagaa kuliko mchanga wa ufukweni. Alikuwa amewaanika kwenye vyandarua kuukuu, fedha tupu, kuanzia ukingo hadi ukingo.

"Shikamoo mama, maji yanakuja!"

"Marahaba. Maji gani, wakati pampu imekufa?"

"Ya mashine ya mvuke!"

"Wewe si ndiye wa kiboko?"

Honi ikalia tena. Mama Ngolo akatazama upande wa jabali, akatupa ufagio, akashika pembe mbili za chandarua, mimi nikashika mbili, tukainua. Limbu, mgongoni kwangu, alitumbukiza mkono na kula dagaa wabichi nusu mpaka mashavu yakamvimba.

Aliyefuata ndiye aliyenitoa jasho. Mzee Luhende alikuwa amefyatua matofali ya tope ndani ya mfereji, safu kwa safu, ya kumjengea mwanawe aliyekuwa anaoa. Alikuwa mzee wa taratibu sana, na mimi nilikuwa nimefunzwa adabu.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, babu, maji..."

"Baba hajambo?"

"Hajambo, babu, ameamsha..."

"Na mama naye?"

"Hajambo! Maji yanakuja!"

Alinitazama kwa huzuni, kana kwamba nimeharibu salamu nzuri. "Maji yatoke wapi? Mimi na matofali yangu hatuondoki."

Kutoka chini ya kalavati, hatua chache mbele, zilikuwa zikija sauti za kuimba. Kwaya ya vijana wa kanisani ilikuwa imehamia pale kwa mazoezi, kwa sababu chini ya kalavati hata aliyepwaya sauti alisikika vizuri. Nikawakimbilia. Mwalimu wa kwaya, kijana mwembamba mwenye kitana kichwani, aliinua mkono kuninyamazisha, akamaliza ubeti, ndipo akauliza nina nini. Kabla sijajibu, sote tulilisikia: mvumo wa chini, kama upepo kwenye nyasi ndefu, ila upepo haukuwapo.

"Matofali ya mzee!" nikapiga kelele.

Wakapanga mstari kutoka chini ya mfereji hadi juu ukingoni, soprano, alto, besi, wakaanza kupokezana matofali, na kwa kuwa walikuwa hawajui kufanya kazi kimya, waliimba. Tofali lilipanda kwa kila pigo la wimbo. Mzee Luhende alisimama katikati akihesabu kwa sauti na kuwaharibia tuni. Limbu nilimweka juu ukingoni, nikaingia mstarini, nikapokea matofali mpaka kucha zikajaa tope.

Na maji yakatokea kwenye kona.

Nilikuwa nimedhani yatakuja kama simba. Yalikuja kama ng'ombe wanaorudi zizini, taratibu, yakinusa kila kitu. Mbele yalisukuma povu la kahawia, majani makavu, ndala moja, vijiti, na panzi waliorukaruka kuokoa maisha yao. Yalipoigusa saruji ya moto ikatoka harufu ile, nzito, tamu, ikatufunika wote. Kwaya ikaacha kuimba. Safu ya mwisho ya matofali haikuwahi. Tuliitazama ikilainika na kujilaza chini kama watu waliochoka. Nilimtazama Mzee Luhende nikidhani atalia. Alivua makubazi, akaingia majini mpaka kwenye vifundo, akainua mikono.

"Wabeja," alisema, wabeja, wabeja, asante kwa kila hatua, akitembea na maji kama mtu anayesindikiza mgeni.

Tukawa msafara. Mimi mbele, Limbu mgongoni akiyaamrisha maji, "Njoo! Njoo!", nyuma yetu kwaya, nyuma yao Mama Ngolo na beseni kichwani. Maji yakisimama kujaza shimo, tunasimama. Yakiondoka, tunakimbia. Sikumbuki siku nyingine niliyocheka vile. Kule mwisho, wanaume wa geti la tatu walikuwa wameshalifungua, na akina mama wamejipanga kwenye kingo za majaruba. Maji yaliingia kwenye kitalu cha kwanza, na ardhi iliyopasuka ikayanywa kwa sauti. Mlio mdogo, chwi, chwi, kama mtoto anayenyonya. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani walivisikia mpaka Magu.

Tulirudi jua limeinama. Mashine ilikuwa bado inahema, gurudumu likizunguka pole. Baba alikuwa amekaa nje kwenye ndoo iliyofudikizwa, shati limeloa jasho, mama ubavuni kwake. Ungo wa karanga ulikuwa mapajani mwa mama, umejaa vilevile, hakuna hata moja iliyomenywa. Nikaona ni uvivu.

"Yamefika mwisho?" baba aliuliza.

"Yamefika!"

"Mlikuwa wote wawili?"

"Wote, na Limbu ameshiba dagaa."

Akamchukua Limbu, akazika uso kwenye nywele zake kwa muda mrefu, mpaka Limbu akalalamika kwamba masizi yananuka. Mama alinikumbatia kwa nguvu iliyoniumiza mbavu, kisha papo hapo akanikaripia kwa kuchafua kanga yake. Wiki tatu mashine ilivuta maji, mpaka kifaa cha Dar es Salaam kikafika. Mpunga ukapona. Shuleni wakaanza kuniuliza habari za kiboko.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, nilimsimulia mama siku ile, kwa mbwembwe zile zile, jinsi baba alivyosubiri nipunge kanga ndipo afungulie mvuke. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Kabula," alisema, "yale maji mtoto anayetambaa angeyatangulia. Baba yako alikuwa hajui kama lile boila litashika. Alilipima kila alivyoweza, lakini chuma kilikuwa cha siku nyingi, na jicho halioni ndani ya chuma. Likipasuka, nyumba yote inaondoka. Ndiyo maana wanaume wote wakapelekwa kwenye mageti. Ninyi akataka muwe nyuma ya jabali."

Nikauliza, "Na wewe? Ulijua, ukakaa mlangoni?"

"Aliniambia usiku uliotangulia. Nikamwambia watoto wapeleke, mimi usinipeleke popote. Ningekaa Kisesa nanunua chumvi, nasikiliza?"

Mwisho wa wiki nikaenda kwa baba. Amezeeka sasa, lakini Jumamosi bado anasugua shaba. Nilimkuta na kitambaa mkononi. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia mama amenieleza. Nilitaka kumshukuru, nikajikuta ninalaumu. Nilisema angeniambia ukweli. Nilikuwa mkubwa wa kuelewa.

Baba aliendelea kusugua.

"Ningekwambia," aliuliza, "ungekwenda?"

Nikafikiri. Nikamwona yule mtoto wa miaka tisa, mdogo wake mgongoni, mama yake kizingitini, baba yake mbele ya moto.

"Nisingekwenda, baba."

"Haya," alisema, akanipa kitambaa cha pili.