Swali Nililolipeleka Temeke

Asubuhi moja niliondoka Kinondoni kwa miguu bila kujua niendako. Siku iliyotangulia, kijana wa Kizungu niliyekuwa nikimtembeza majumbani alirudi kwao Uingereza, chuoni alikosomea mila na desturi za watu, nami sikuona tena cha kunikalisha pale.

Aliwahi kuandika kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni maadui, kwa sababu aliwasikia wakitukanana msibani. Nilimweleza kwamba wale ni watani, na mtani akikaa kimya msibani, wafiwa huona wametengwa. Akafuta ukurasa mzima. Mimi niliyeacha shule darasa la nne sikuwa nimejua kwamba maswali niliyozoea kujiuliza, kama utani ulianzaje, yanaweza kuwa masomo. Tangu siku ile nilikitamani chuo chake hata usingizini.

Jioni nilifika Temeke, nikabisha hodi kwa mama mmoja wa Kizaramo kuomba chumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

"Kumbe mpagazi wangu. Mzigo umeutupa wapi?"

"Nimekuachia njiani ukaubebe."

Akacheka, akanionyesha chumba cha uani. Nikamwuliza utani wetu ulianzaje.

"Kwani wewe mwanachuo?"

"Natamani, mama."

Alinitazama kidogo, akanisogezea kigoda.

"Basi kaa. Ila usiniharakishe, nakaanga samaki."

Sikuwa na daftari. Nilimwomba arudie kila jambo mara mbili, ili nilishike kichwani.